Mkono Hujifunza kwa Kutenda: Teknolojia na Mafunzo ya Upasuaji Karibu na Nyumbani

Somo la robo hii kwa kamati za usharika na marafiki wa kazi ya afya





Katika mkutano wa mwisho wa mipango liliulizwa swali ambalo hatukulijibu siku ile. Marafiki zetu wa ng'ambo wako tayari kuchangia mafunzo ya upasuaji kwa watumishi wa hospitali na vituo vya afya vya eneo letu. Wametuuliza tununue nini. Je, tuombe mashine kubwa ya kompyuta ya kujifunzia upasuaji, au fedha hiyo itumike kwa namna nyingine? Tuliahidi kulitafakari na kuwaletea majibu kupitia ukurasa huu. Hivyo basi, somo la leo ni maandalizi ya uamuzi ambao kamati zenu zitaombwa kuufanya.

1. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Wenyeji wa Tunduma hawahitaji kuelezwa juu ya ajali. Barabara kuu ya TANZAM inapita katikati ya mji, malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapanga foleni, na bodaboda wanapenya katikati yao. Mtu akivunjika mguu hadi mfupa ukatokeza nje, anahitaji kusafishwa jeraha na kufungwa vizuri mapema, vinginevyo mguu huo unaweza kuoza. Hali kadhalika, mama mwenye uchungu pingamizi kule bonde la Momba, wakati wa masika, hawezi kungoja barabara ikauke ndipo apelekwe Mbeya. Kutoka Tunduma hadi Mbeya ni kama kilometa 100, na kutoka vijiji vya bondeni ni mbali zaidi.

Serikali imefanya kazi kubwa. Tangu mwaka 2017 vituo vya afya zaidi ya 300 nchini vimejengwa au kukarabatiwa ili viweze kutoa huduma za dharura za uzazi, ikiwemo upasuaji. Majengo haya tunayaona hata katika mkoa wetu, ambao ulianzishwa mwaka 2016. Lakini jengo halipasui. Ndani yake yupo daktari kijana, mara nyingi peke yake, ambaye wiki moja anaweza kupata mgonjwa mmoja tu wa upasuaji, na wiki nyingine asipate hata mmoja. Mkono usiotumika husahau.

Tatizo hili si letu pekee. Mwaka 2015 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilieleza kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na huduma ya upasuaji iliyo salama na wanayoweza kuimudu, na kwamba upasuaji milioni 143 zaidi unahitajika kila mwaka. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika. Utafiti huo ulionyesha kuwa mama anayejifungua kwa upasuaji katika bara letu ana hatari ya kufa kama mara 50 zaidi ya mama wa nchi tajiri. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama upasuaji unapatikana. Lazima tuulize pia kama anayeushika wembe amezoezwa ipasavyo, na kama anayetoa dawa ya usingizi amezoezwa ipasavyo.

2. Kosa letu wenyewe

Kabla ya kuwashauri wengine, ni haki tukiri la kwetu. Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia hospitali moja kupata vifaa vya kujifunzia: mdoli mkubwa wa plastiki, kompyuta, projekta na sanduku la nyuzi na sindano za mazoezi. Siku ya makabidhiano tulipiga picha na kuimba. Mkufunzi alikuja, akafundisha siku mbili, vyeti vikatolewa. Taarifa tuliyoiandika kwa wafadhili ilikuwa nzuri sana.

Tuliporudi baada ya mwaka mmoja tulimkuta mama mtunza stoo. Tulipomwuliza vifaa viko wapi, alituongoza hadi nyuma ya magodoro ya zamani.

"Viko salama, Mratibu," alisema kwa furaha. "Hakuna aliyevigusa."

Ni kweli vilikuwa salama, kama ile talanta iliyofukiwa ardhini. Yule mama hakuwa na kosa lolote, maana aliambiwa avitunze, naye alivitunza. Daktari aliyepata mafunzo alikuwa amehamishwa. Aliyechukua nafasi yake hakujua kama vifaa vipo. Programu ya kompyuta ilidai kuhuishwa kwa intaneti ambayo haikuwepo, na hakuna aliyepangiwa saa ya mazoezi katika ratiba ya kazi. Tulikuwa tumenunua vitu, tukafikiri tumenunua ujuzi. Kosa lilikuwa katika mpango, na mpango tuliuandika sisi.

3. Walichojifunza ndugu zetu wa Haydom

Tulianza kutafuta mahali ambapo mafunzo ya mikono yameleta matunda yanayopimika, tukakuta mfano ndani ya kanisa letu wenyewe. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko mkoani Manyara, nayo ilianzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955. Mfano wake unahusu kumsaidia mtoto mchanga kupumua, si upasuaji, lakini unaeleza wazi jinsi mkono unavyojifunza.

Aprili 2010 watumishi wa wodi ya wazazi ya Haydom walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua baada ya kuzaliwa. Walitumia mdoli mwepesi anayejazwa maji ili awe na uzito na ulegevu kama wa mtoto halisi. Miezi 7 baadaye walipimwa tena. Kwenye mdoli walifanya vizuri kuliko kabla ya mafunzo. Lakini watafiti walipoangalia wodini, jinsi watoto halisi walivyohudumiwa, hawakuona badiliko. Yaani semina ilifaulu, mtihani ulifaulu, ila mtoto hakunufaika.

Wangeweza kukata tamaa, au kuomba mdoli wa bei kubwa zaidi. Badala yake walibadili utaratibu. Kuanzia mwaka 2011 mdoli yuleyule aliwekwa karibu na chumba cha kujifungulia. Kila wiki mtumishi alifanya zoezi la dakika 3 hadi 5 tu, kisha kila mwezi kukawa na zoezi refu la dakika 40. Watumishi wenyeji walipewa jukumu la kuwahimiza wenzao. Baada ya mwaka mmoja, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Haba na haba hujaza kibaba. Mdoli hakubadilika. Kilichobadilika ni mahali alipowekwa, mara ngapi alitumiwa, na nani aliwajibika.

Kazi hiyo ilikua. Miaka iliyofuata Haydom, Wizara ya Afya na washirika wao waliunganisha mazoezi hayo mafupi na vifaa vipya, kama kifaa kidogo cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, na mdoli anayemwonyesha mtumishi kama pumzi anayompa inafika. Mpango huo ulipelekwa katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, yaliyohusu akina mama zaidi ya 280,000, yalionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vikipungua kwa takriban asilimia 18.

Haydom ina fundisho lingine, na hili linahusu upasuaji moja kwa moja. Mwaka 2006 alifika pale daktari bingwa wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala. Angeweza kupasua wagonjwa wengi kadiri alivyoweza, kisha akaondoka, na meza ingebaki tupu. Yeye aliamua kumfundisha daktari msaidizi wa hapo, Emmanuel Mayegga, namna ya kufanya upasuaji wa kichwa. Mayegga naye akamfundisha mwenzake. Mgeni aliondoka, ujuzi ukabaki.

4. Mkono hujifunzaje?

Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mtu anaweza kusoma kitabu chote juu ya kufunga fundo la uzi ndani ya tumbo, lakini vidole vyake bado havijui. Wakufunzi wa upasuaji hutuambia kwamba njia nzuri ina ngazi tano, na kila ngazi ina sababu yake:

(a) Kuona. Mwanafunzi anatazama kazi ikifanywa polepole na kuelezwa.

(b) Kufanya juu ya kitu kisicho na uhai. Hapa anakosea bila kumwumiza mtu.

(c) Kusaidia. Anasimama mkabala na mpasuaji mezani, anashika na kukata uzi.

(d) Kufanya huku akisimamiwa. Mikono ni yake, lakini mwalimu yupo pembeni.

(e) Kufanya peke yake, na baadaye kumfundisha mwingine.

Zamani, kwa sababu ya uhaba, wengi waliruka ngazi ya (b). Mshono wa kwanza wa maisha yao waliushona juu ya mgonjwa. Sisi tunaoamini kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu hatuwezi kulichukulia hilo kuwa jambo la kawaida. Mwili wa mama maskini haupaswi kuwa ubao wa kujifunzia kuandika.

Ni katika ngazi ya (b) na ya (d) ambapo teknolojia inaweza kutusaidia. Katika ngazi ya (b) inampa mwanafunzi kitu cha kufanyia zoezi. Katika ngazi ya (d) inamleta karibu mwalimu aliye mbali.

5. Teknolojia ipi inafaa kwetu?

Neno teknolojia lisitutishe. Tunazipanga hapa kuanzia ile rahisi.

Karatasi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na wenzake walichapisha matokeo ya kutumia orodha ya karatasi ya kuhakiki usalama kabla, wakati na baada ya upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, na mojawapo ilikuwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, hapahapa Tanzania. Kwa hospitali zote 8 kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi hiyo inawafundisha watumishi kufanya kazi kama timu: kutaja jina la mgonjwa, kuhakikisha damu ipo, kuhesabu vitambaa na vifaa kabla ya kufunga. Inaweza kuzoezwa kila asubuhi, na haihitaji umeme.

Ubao wa mazoezi. Kipande cha mbao, sponji, bomba laini la mpira na kitambaa vinatosha kuzoeza kushona na kufunga mafundo. Mguu wa mbuzi au wa nguruwe kutoka buchani unafaa kwa kushona ngozi na misuli. Kwa upasuaji wa matundu madogo, sanduku la plastiki lenye matundu mawili na kamera ya simu ndani yake humwezesha mwanafunzi kuzoea kutazama kioo huku mikono ikifanya kazi mahali asipopaona.

Simu janja. Hii ndiyo teknolojia tunayoiona kuwa na faida kubwa kwa gharama ndogo. Simu inawekwa kwenye kishikio juu ya ubao, inarekodi mikono ya mwanafunzi kwa dakika chache, na video inatumwa kwa mwalimu. Mwalimu anaitazama kwa wakati wake na kujaza fomu ya alama: Je, ameshika sindano mahali sahihi? Je, fundo limekaza? Je, ametumia mwendo usio wa lazima? Kisha anajibu kwa sauti. Mwanafunzi anarudia na kutuma tena. Bila masahihisho hayo mtu anaweza kurudia kosa lilelile mara mia na kuliimarisha.

Mwalimu wa mbali. Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, kilianzishwa mwaka 1999 na makao yake yako Arusha. Hiki ni chuo kisicho na kuta. Wanafunzi wake hujifunza wakiwa kazini katika hospitali zilizoidhinishwa, na masomo ya nadharia huyapata kwa intaneti kwa ushirikiano na chuo cha wapasuaji cha Ireland. Kule Moshi, hospitali ya KCMC imekuwa na uhusiano tangu 1999 na hospitali za Northumbria, Uingereza, uliosaidia kuanzisha upasuaji wa matundu madogo. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa kule wameweza kutazama picha za upasuaji kupitia intaneti na kumwelekeza mwenzao wakiwa mbali. Angalieni mpangilio: uhusiano wa watu ulitangulia kwa miaka mingi, mitambo ikafuata.

Miwani ya kompyuta. Hii humfanya mtu aone chumba cha upasuaji kana kwamba yumo ndani yake. Jirani zetu wa Lusaka, ng'ambo ya mpaka wetu, waliijaribu kwa mafunzo ya upasuaji wa saratani ya mlango wa kizazi, na taarifa yao ya mwaka 2019 ilionyesha wanafunzi wakiboreka kadiri walivyorudia. Ni jambo la kutia moyo. Hata hivyo lilifanyika katika mji mkuu wenye hospitali ya chuo kikuu, wanafunzi na wakufunzi wa kutosha.

6. Mambo ya kuangalia

Kwanza, vifaa vya mazoezi visirudi kamwe kwenye chumba cha upasuaji. Mkasi uliogusa mguu wa mbuzi upakwe rangi na kuwekwa kwenye sanduku lake lenye maandishi, ili usichanganywe na ule wa wagonjwa.

Pili, video ionyeshe mikono na ubao tu. Mgonjwa asipigwe picha bila ridhaa yake. Hata sheria ya nchi inalinda taarifa binafsi za mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023.

Tatu, ubao hauna damu, wala hauogopi. Anayeshona vizuri kwenye sponji hajawa mpasuaji. Anahitaji bado kusimamiwa na kupata idhini ya hospitali, na anahitaji kujua wakati wa kumpeleka mgonjwa mbele. Kujua mpaka wa uwezo wako ni sehemu ya ujuzi.

Nne, tusimsahau mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa chumba cha upasuaji na anayetakasa vifaa. Mpasuaji hodari asiye na timu ni kama dereva mzuri katika gari lisilo na breki.

7. Pendekezo letu kwa kamati

Baada ya kutafakari, pendekezo letu ni kwamba mashine kubwa isiwe ombi letu la kwanza. Hatusemi haifai. Tunasema bado hatujajenga utaratibu wa kuitumia, na hatutaki kumrudisha yule mama kwenye stoo kutuonyesha kitu kingine kilicho salama. Badala yake tunapendekeza fedha zielekezwe katika mambo yafuatayo:

- Kona ya mazoezi katika kila kituo kitakachoshiriki, karibu na chumba cha upasuaji, yenye meza, taa, ubao, simu moja na kishikio chake.

- Muda wa mazoezi ulioandikwa katika ratiba ya kazi, mfupi na wa kila wiki, unaokubaliwa na mganga mfawidhi.

- Watumishi wawili kwa kila kituo wenye jukumu la kuwahimiza wenzao, ili mmoja akihamishwa mwingine abaki.

- Bando la intaneti na posho ya mwalimu anayesahihisha video, kwa kipindi kisichopungua miaka miwili.

- Ziara za mwalimu kituoni, kwa sababu simu haiwezi kushika mkono wa mtu mezani.

Tunajua kwamba bando, posho na mafuta ya gari si vitu vya kupigia picha. Wafadhili wengi hupenda kitu chenye kibandiko cha jina lao. Tunawaomba marafiki zetu watuvumilie katika hili. Mnaposoma taarifa zetu, msitosheke kuuliza tumenunua nini. Tuulizeni: nani alifanya mazoezi, mara ngapi, nani alimsahihisha, na mgonjwa alinufaikaje? Mkituuliza hivyo, mtatusaidia kuwa waaminifu.

Nanyi wazee wa kanisa na kamati za usharika, mna sehemu yenu. Mnaweza kuchangia mbao na fundi wa meza. Mnaweza kumwalika daktari wa kituo chenu aeleze kazi yake baada ya ibada, mkamsikiliza na kumtia moyo, hasa yule kijana aliye mbali na kwao. Na mnaweza kuuliza, kwa upole lakini bila kuchoka, kama kona ya mazoezi inatumika au imegeuka mahali pa kuwekea maboksi.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika usharika wetu, kuna kifaa gani kilichotolewa kwa nia njema lakini hakitumiki? Ni nini kilikosekana?

2. Kwa nini semina ya siku moja kule Haydom haikubadilisha huduma wodini, na dakika chache za kila wiki zikafanikiwa? Tunaweza kutumia fundisho hilo katika kazi gani nyingine za kanisa?

3. Kama fedha ingetosha kitu kimoja tu, mashine au mwalimu, tungechagua kipi, na tungewaelezaje waliotoa fedha?

4. Ni nani katika usharika wetu atakayefuatilia jambo hili, na atatoa taarifa lini?

Tunaomba kila kamati ijadili maswali haya na kuleta maoni yake kwa maandishi kupitia ofisi ya jimbo kabla ya mkutano ujao wa mipango. Majibu yenu ndiyo yatakayoingia katika barua yetu kwa marafiki. Kama mnaona tumekosea, tuambieni mapema, maana kusahihishana ndilo somo lenyewe.

Mungu awabariki, na aibariki mikono ya wote wanaohudumia wagonjwa usiku na mchana.

Ofisi ya Mratibu wa Miradi